Tembo, Mvinyo na Divai: Historia ya Kuonja na Maneno Yake

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mgeni aliyezoea lugha za Ulaya angeyatia yote katika kapu moja: tembo, mvinyo na divai. La kwanza ni la nyumbani, limetoka kwenye mnazi na kibuyu cha mgema. La pili lilishuka kutoka merikebu za Wareno. La tatu ni la Wafaransa, na safari yake ina giza kuliko tunavyokumbuka tunapolitamka. Nimeona niyaandikie maneno haya kwa sababu siku hizi nasikia ikisemwa, tena na watu waliosoma, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kumwezesha mtu kuonja divai na kueleza alichokionja. Dai hilo ni zito. Nitalijibu kwa historia kwanza, kisha kwa ulimi.

Tuanze na mvinyo. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, na kwa muda wa karne mbili zilizofuata Wareno walikuwapo pwani yetu kwa heri na kwa shari, hadi Ngome ya Yesu ilipowatoka mikononi mwaka 1698. Walituachia maneno ambayo leo hatuyahisi kuwa ni ya kigeni: meza, bendera, leso, karata, parafujo. Gereza nalo ni lao, ingawa kwao neno lililolizaa lina maana ya kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka kuwa jela katika masikio ya watu wa pwani ni mada ya siku nyingine. Katika kundi hilo wamo ndugu wawili waliosafiri pamoja, pipa na mvinyo, kwa maana mvinyo wa Mreno ulikuwa ndani ya pipa la Mreno. Asili ya mvinyo ni neno *vinho*. Hiyo m- ya mwanzo hatukuipokea kwao. Tuliitia wenyewe ili mgeni apate mahali pa kukaa katika ngeli zetu, pamoja na mti na mkate. Neno likishavishwa kiambishi limepewa uraia.

Hata hivyo, uraia hauzuii mtu kubadili tabia. Mvinyo wa Kiswahili haukubaki kuwa maji ya zabibu peke yake. Watumiaji wengi wa zamani waliutumia kwa kileo kikali cha kigeni cha aina yoyote, hata kile kinachochomwa kwa moto na kukusanywa tone kwa tone. Ndiyo maana, lilipokuja hitaji la kuitaja divai yenyewe bila kuichanganya na pombe kali, lugha ilikuwa tayari kulipokea neno jingine.

Divai, kama kamusi zetu zinavyokubali, imetokana na Kifaransa *du vin*. Hapa wapenda lugha watafurahi. Mfaransa haombi divai kwa nomino tupu; anatanguliza kijineno *du*, maana yake kiasi cha kitu hicho. Msikilizaji wa pwani hakuona sababu ya kuyatenga maneno hayo mawili, akayameza pamoja. Jambo hilohilo lilitokea katika Krioli za visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa: huko Morisi na Shelisheli divai huitwa *diven*, na maji huitwa *dilo* au *delo*, kijineno na nomino vikiwa vimeshikamana vivyo hivyo. Kwa sababu ya ufanano huo naelekea kuamini kwamba divai yetu haikutoka Paris moja kwa moja, bali ilipitia visiwani.

Njia zilikuwapo. Ile tunayopenda kuitaja ni ya wamisionari: padri Fava alifika Unguja mwaka 1860 akitokea kisiwa cha Réunion, na baada yake wakaja Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao mwaka 1868 walifungua misheni ya Bagamoyo. Kwa Misa divai ni ya lazima, na kitu cha lazima hutafutiwa jina mapema. Lakini kabla ya mapadri walikuwapo wafanyabiashara. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwani. Watu waliokuja na majahazi hayo walikunywa, nao walikitaja walichokunywa. Siwezi kuapa kwamba neno divai lilishuka Kilwa kabla ya kushuka Bagamoyo. Nasema tu kwamba bandari zilikuwa mbili, na moja kati ya hizo hatuisimulii.

Watafsiri wa Biblia walikuta maneno yote mawili yako sokoni, wakayatumia yote mawili. Katika Biblia ya Union, arusini Kana panatajwa divai, lakini Paulo anapowaonya Waefeso wasilewe panatajwa mvinyo. Sidhani kwamba ni bahati tupu. Kwenye baraka pakaja neno la altareni, na kwenye ulevi likaja neno la baharia.

Tena kisa cha Kana kina jambo ambalo nimelisoma mara nyingi kwa macho ya mwalimu. Mkuu wa meza aliletewa kikombe bila kuambiwa kilikotoka. Watumishi walijua, yeye hakujua. Akaonja, akatoa hukumu kwamba hii ni bora kuliko ya kwanza, na akashangaa kwa nini bora imewekwa nyuma, ilhali desturi ni kutanguliza iliyo bora, wageni wakishakunywa vya kutosha ndipo waletewe hafifu. Huyu ndiye muonjaji wa kweli ninayemfahamu wa kwanza katika fasihi iliyotafsiriwa kwa lugha yetu: hana lebo, hana bei, hana jina la shamba, ana ulimi na ujasiri wa kusema. Desturi aliyoitaja nayo ni ya kweli kabisa kimwili, kwa sababu ulimi huchoka.

Sisi nasi tulikuwa na waonjaji kabla ya mapipa na misheni. Tembo la asubuhi ni tamu. Likishinda huchacha, na jioni huwa kali. Likiachwa zaidi huwa siki. Mtu wa pwani aliyekulia karibu na minazi aliweza kutaja saa ya tembo kwa kulionja. Na ile methali ya mgema ambaye akisifiwa tembo hulitia maji, tunaifundisha darasani kama onyo juu ya sifa, tukisahau kwamba ndani yake yumo mtu wa pili asiyetajwa: yule aliyeonja akatambua kuwa maji yametiwa. Bila yeye hakuna methali. (Wayunani wa kale wangetushangaa. Kwao kuchanganya divai na maji katika bakuli kubwa kabla ya kuinywa ndio uliokuwa ustaarabu, na anayekunywa kavu bila maji alihesabiwa mshenzi. Maji yaleyale huku udanganyifu, kule adabu.)

Kuna ndugu mwingine wa pwani ambaye historia yake ya kuonja tumeipoteza njiani. Kila mtoto aliyesoma Kiswahili anamjua Abunuwasi, mjanja wa hekaya, anayemshinda sultani kwa maneno. Wachache wanajua kwamba nyuma ya kichekesho hicho yupo mtu halisi, Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, aliyezaliwa Ahvaz katika karne ya 8 na mama Mwajemi, akafa mwanzoni mwa karne ya 9. Huyu ndiye bingwa wa mashairi ya Kiarabu yaitwayo *khamriyyat*, yaani mashairi ya divai. Alieleza rangi yake, umri wake, harufu yake inayomtangulia anayeibeba, na mapovu yanayopanda juu kama lulu maji yanapotiwa. Wanazuoni wa zama zake hawakumpenda kwa hilo, na sababu yao inaeleweka. Pwani yetu ilimpokea Abunuwasi ikamnyang'anya bilauri, ikamwachia ujanja. Simlaumu mtu, jamii huchagua inachokihitaji. Ila mshairi anayedai kwamba kueleza ladha ya kinywaji kwa nidhamu ya ushairi ni mambo ya Wazungu, na aikumbuke Baghdad.

Warumi nao walikwisha kuanza kupanga. Plinio, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka, alitenga kitabu kizima cha *Naturalis Historia* yake kwa ajili ya mizabibu na divai. Aliposifu divai ya Falerno aliigawa katika aina tatu: kali, tamu na nyepesi. Tazameni, kwa maneno matatu tu, ambayo yote Kiswahili kinayo, mtu anaweza kuanza kazi.

Kwa karne nyingi baadaye waliojua kuonja kwa utaratibu walikuwa wafanyabiashara. Mwaka 1855 Napoleon wa Tatu alitaka divai za Bordeaux zionyeshwe katika maonyesho makuu ya Paris, na waliopewa kazi ya kuzipanga kwa madaraja walikuwa madalali. Hawakukaa mezani kuonja upya. Walitazama bei ambazo kila shamba lilikuwa likipata sokoni kwa miaka mingi, wakapanga. Orodha hiyo inatumika mpaka leo, na badiliko lake kubwa ni la mwaka 1973, Château Mouton-Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza. Naitaja kwa sababu sehemu kubwa ya woga wa mwanafunzi wa divai unatoka hapa. Anadhani madaraja yaliandikwa na ulimi wa malaika. Kumbe yaliandikwa na daftari la dalali.

Daftari hilo lilitikiswa tarehe 24 Mei 1976. Steven Spurrier, Mwingereza mwenye duka la divai mjini Paris, aliwakusanya hotelini waamuzi tisa wa Kifaransa, watu wenye majina makubwa katika biashara, mapishi na uandishi wa divai. Aliwawekea divai nyeupe 10 na nyekundu 10. Katika kila kundi 6 zilitoka California na 4 zilikuwa za Ufaransa, tena zile zinazoheshimiwa. Chupa zilifichwa. Kila mwamuzi alitoa alama hadi 20. Mwandishi wa habari aliyehudhuria alikuwa mmoja tu, George Taber wa jarida la *Time*, na yeye, akiwa na karatasi yenye mpangilio wa chupa, alishuhudia waamuzi wakisifu divai ya Marekani wakidhani ni ya kwao, na kuitupa ya kwao wakidhani ni ya Marekani. Hesabu zilipojumlishwa, nyeupe iliyoongoza ilikuwa Chateau Montelena ya mwaka 1973, iliyotengenezwa na mhamiaji kutoka Kroatia, na nyekundu iliyoongoza ilikuwa ya Stag's Leap Wine Cellars, ya mwaka huohuo 1973. Ile Mouton iliyopandishwa daraja miaka 3 tu kabla ilikuwa ya pili. Mwamuzi mmoja, mhariri wa jarida kubwa la divai, aliomba arudishiwe karatasi yake ya alama. Hakurudishiwa.

Wengine husimulia kisa hiki ili kuwacheka wataalamu. Mimi sioni hivyo. Waamuzi wale walifanya kazi yao vizuri: walipofichiwa jina walihukumu kilichomo ndani ya bilauri. Tofauti ya alama kati ya nyekundu ya kwanza na ya pili ilikuwa ndogo sana, na kwa siku nyingine pengine mpangilio ungegeuka. Kilichovunjika siku ile hakikuwa elimu ya kuonja. Kilichovunjika ni imani kwamba jina linaonjeka.

Jaribio la pili linawahusu wapenda lugha moja kwa moja. Mwaka 2001 watafiti watatu, Morrot, Brochet na Dubourdieu, walichapisha matokeo yao katika jarida linaloshughulikia ubongo na lugha. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux walipewa divai nyeupe na nyekundu wazieleze kwa maneno. Baadaye wakapewa tena divai mbili. Hawakujua kwamba ya pili ni nyeupe ileile iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Watafiti hao pia walichunguza maandishi ya waonjaji mashuhuri, wakaona kwamba harufu za divai nyekundu hupewa majina ya vitu vyekundu na vyeusi, na za nyeupe majina ya vitu vyeupe na vya manjano. Maana yake, jicho huchagua msamiati kabla pua haijasema. Mshairi anayechagua tamathali zake mapema kisha akatafuta kitu cha kuzivisha anaujua ugonjwa huu.

Sasa tuje nyumbani. Dodoma, juu ya uwanda wenye mvua chache, ndiyo kitovu cha zabibu za Tanzania. Mizabibu ililetwa huko na wamisionari Wakatoliki katika karne ya 20, na kwa sababu hatuna majira ya baridi ya kuilaza, mkulima huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Neno zabibu lenyewe linachekesha kidogo: kwa Mwarabu *zabib* ni iliyokaushwa, na mbichi huiita *inab*. Sisi tulizipokea kavu kutoka majahazini, na mzabibu ulipokuja baadaye tukaita hata tunda bichi kwa jina la kavu, kisha ikatubidi kuiita ile ya awali zabibu kavu.

Niliwahi kualikwa katika onyesho dogo la kuonja divai katika hoteli moja ya huko. Mezani walikaa wakulima wawili wa zabibu, mzee mmoja na mama mmoja wa makamo. Kijana aliyetuongoza alizungumza Kiingereza tupu, akitaja matunda yanayoota Ulaya ambayo hakuna aliyekuwapo aliyewahi kuyatia mdomoni. Alipowauliza wakulima wanaonja nini, wakainama. Mzee akajibu, "Mwanangu, sisi hatuna elimu hiyo." Tulipokuwa tukitoka, yule mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile ya tatu ilikuwa na ukakasi kama bibo ambalo halijaiva vizuri, lakini mwisho wake unanukia karafuu." Hukumu nzuri kuliko hiyo sikuisikia siku nzima. Hilo ndilo linaloniuma katika jambo hili: si kwamba Kiswahili hakina maneno, bali aliye nayo amefundishwa kuinama.

Ukakasi! Vijana wa magazetini wameliteka neno hili, na kila uamuzi wa serikali au wa refa siku hizi "unaleta ukakasi". Sina ugomvi na sitiari. Lakini asili yake ni mdomoni. Ni ile hali ya ulimi na fizi kukaza na kukwaruza ukila ndizi mbichi au bibo, au ukinywa chai iliyochemka kupita kiasi. Ndicho hasa kinachotoka katika maganda na mbegu za zabibu, na kwa hiyo hupatikana kwa wingi katika divai nyekundu, ambayo huchachuka pamoja na maganda yake. Wageni wanaojifunza huchanganya hali hii na uchungu. Mswahili hana sababu ya kuchanganya: uchungu ni wa shubiri, ukakasi ni wa bibo, na uchachu ni wa ukwaju. Tayari tumetenga mambo matatu ambayo anayeanza katika lugha nyingine hutumia wiki kadhaa kuyatenga.

Puani tuna utajiri zaidi. Kiswahili hutofautisha kunuka na kunukia kwa irabu moja tu, na hukumu nzima imo katika irabu hiyo. Kisha tuna shombo, vumba, uvundo, ukungu. Divai iliyoharibiwa na kizibo kibovu hutoa harufu ya boksi lililolowa likafungiwa stoo: huo ni uvundo, hauhitaji maelezo marefu. Na karafuu aliyoitaja yule mama haikuwa tamathali. Mbao za mwaloni zinapochomwa ili kutengeneza pipa hutoa yujinoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Vilevile zabibu za Syrah huweza kuwa na kemikali ileile iliyo katika pilipili manga, na Cabernet Sauvignon ambayo haikuiva sawasawa hunukia pilipili hoho mbichi. Mtu wa Pemba au wa Tanga ana haki kamili ya kutaja viungo vya jikoni kwao. Pua yake imesema kweli.

Mwaka 1984 Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha gurudumu la harufu za divai. Sharti lake lilikuwa moja: maneno yawe ya vitu vinavyoweza kuwekwa mezani vikanuswa. "Nzuri" na "maridadi" hayamo, maana hayanuki wala hayanukii. Gurudumu huanza na kundi pana, mathalani matunda, kisha aina ya matunda, kisha tunda lenyewe. Ningependa kuona washairi wetu wakichora la Kiswahili: embe dodo, stafeli, pera, passioni, ukwaju, mdalasini, moshi wa kuni, udongo baada ya mvua ya kwanza, ngozi ya kiatu kipya.

Neno linalotusumbua kweli ni tamu. Kwetu huwa na sukari na huwa na ladha nzuri, yote kwa pamoja, hata mtu akisema divai hii si tamu muuzaji hukasirika. Wengi sasa hufuata Ulaya na kusema divai kavu kwa ile isiyo na sukari. Silipendi, kitu kinachomiminika hakiwezi kuwa kikavu, na msomaji hujikuta akitafuta vumbi. Watu wa tembo walikwisha kutupa jozi ya tamu na kali, ambayo inafuata hali halisi, kwani sukari ndiyo inayogeuka kuwa kileo. Kasoro yake ni kwamba kali hudhaniwa pia kuwa yenye nguvu. Mimi hutumia tamu na kali, na kwa sifa ya ujumla husema nzuri au ya kupendeza. Mwenye hoja bora na ailete.

Kwa anayetaka kuonja divai kadhaa kwa mara ya kwanza, historia hii yote inamwagiza mambo machache ya vitendo. Azifunge chupa kwa leso mpaka shingoni na mtu mwingine azipe namba, ili awe kama mkuu wa meza wa Kana. Tano au sita zinatosha. Nyeupe zitangulie nyekundu, nyepesi zitangulie nzito, kali zitangulie tamu, kwa kuwa sukari ikitangulia itaifanya inayofuata ionekane chachu kuliko ilivyo. Bilauri isizidi theluthi moja, ili pawe na nafasi ya kuizungusha harufu ipande. Anuse kabla ya kunywa, na aandike kabla ya kusikia mwenzake anasema nini. Hili la mwisho ni muhimu kuliko yote, maana neno la kwanza kutamkwa mezani hutawala pua za wote. Avute funda dogo, alizungushe mpaka kwenye fizi, kisha ateme. Kutema si utovu wa adabu hapa. Waonjaji wa chai huko Mombasa hutema siku nzima, na sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki hupangiwa bei kwa ndimi zao. Maji na mkate mkavu viwe karibu. Akirudia kulinganisha, alinganishe mbili mbili, kwani ulimi hauna kumbukumbu nzuri ya peke yake ila ni mwepesi wa kutofautisha.

Msomaji ambaye dini yake inamkataza, asijione ametengwa. Chai tano za mashamba tofauti, au asali za nyuki wakubwa na nyuki wadogo, zitamfundisha yaleyale, na ukakasi ataupata kwenye chai tele.

Limebaki jambo moja, nalo ni la washairi. Wafaransa hupima muda ambao ladha hubaki mdomoni baada ya divai kumezwa au kutemwa, na kipimo chao huitwa *caudalie*, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mkia; moja ni sawa na sekunde moja. Sisi hatuna jina la mkia huo, wala hatuna saa mezani. Tuna mizani. Nimejaribu kuhesabu kimoyomoyo, mizani 8 za ukwapi na 8 za utao, kwa mwendo wa mtu anayeghani polepole. Divai hafifu hukatika kabla ya kina cha kati. Nyekundu moja ya Dodoma, ile ya namba tatu, iliumaliza mshororo wa kwanza, ikauingia wa pili.